Lawino, Kayoya na Mtu wa Mjini: Mabadiliko ya Utamaduni Yakisomwa Nyakabiga

Swali la "mgongano wa tamaduni" limekuwa kama mgeni wa kila mwaka katika mitihani yetu ya fasihi, na majibu yake yamezoeleka kiasi kwamba msahihishaji huweza kuyakisia kabla ya kufunua karatasi. Aya ya kwanza humwonyesha Mwafrika wa zamani akiishi kwa amani, umoja na heshima. Aya ya pili humleta Mzungu na bunduki mkono mmoja na Biblia mkono wa pili. Aya ya tatu huwalaumu vijana wa leo kwa nguo zao, simu zao na muziki wao, na hitimisho hutuhimiza sote "turudi kwenye asili yetu". Mwandishi wa insha hiyo hupata 12 kati ya 20, wakati mwingine 14 kama methali zilikuwa nyingi, akatoka zake kwenda kupanda basi.

Makala haya yanakusudia kuihoji insha hiyo. Hoja yetu si kwamba ukoloni haukudhuru. Ulidhuru sana, na hapa Burundi ushahidi wake hauhitaji kutafutwa mbali. Hoja ni kwamba insha hiyo inavisoma vibaya vitabu vyenyewe inavyodai kuvitegemea, na kwamba haina nafasi hata ndogo kwa watu ambao, kwa sisi walimu wa Kiswahili wa Bujumbura, walipaswa kuwa wa kwanza kutajwa: watu wa Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga na Rumonge, ambao Kiswahili ndiyo lugha waliyolelewa nayo.

Tuanze na vitabu. Viwili vinatufaa hapa. Cha kwanza ni Song of Lawino cha Okot p'Bitek, kilichotoka Nairobi mwaka 1966, ambacho Paul Sozigwa alikifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino mwaka 1975. Cha pili ni Sur les traces de mon père cha Michel Kayoya, padri na mshairi wa Kirundi, kilichochapishwa Bujumbura mwaka 1968. Vitabu hivi havisomwi pamoja mara nyingi, kwa kuwa kimoja kiko katika kozi ya Kiswahili na kingine kiko kwa wenzetu wa Kifaransa. Lakini ni ndugu. Vilizaliwa miaka miwili tu mbalimbali, na tafsiri ya Kiingereza ya Kayoya ilitolewa mwaka 1973 na shirika lile lile la Nairobi, East African Publishing House, lililomtoa Lawino. Wakati huo Kayoya mwenyewe alikuwa amekwisha kuuawa, katika mauaji ya mwaka 1972.

Lawino anajua mengi mno

Wanafunzi wetu humchukua Lawino kuwa sauti ya "asili". Mumewe Ocol amesoma, amebatizwa, anamchukia mke wa kijijini na amemtamani Klementina mwenye poda usoni. Lawino analia na kutetea ngoma za Waacholi, nywele za Waacholi, jiko la mama yake. Basi, wanasema, Lawino ni Afrika na Ocol ni Ulaya, kazi imekwisha.

Hebu tumsikilize Lawino vizuri zaidi. Mwanamke huyu analijua jiko la umeme na hofu inayomletea. Anaijua saa kubwa ya mumewe na jinsi inavyomtawala. Ameingia darasa la ubatizo, amemsikia mwalimu akipayuka maneno yasiyo na maana kwake, akatoroka kwenda ngomani. Anajua majina ya vyama: Ocol yuko Democratic Party na ndugu yake yuko Congress, na anaona kabla ya wanasiasa wenyewe kwamba uhuru huo umewafanya watoto wa tumbo moja wachukiane. Mtu wa namna hii hawezi kuitwa mtu asiyeguswa na mageuzi. Amebadilika. Matusi yake yanachoma kwa sababu anayajua mambo anayoyatukana, tena anayajua kuliko mumewe ambaye anayaabudu tu. Ndiyo maana tunacheka pamoja naye. Mwanafunzi anayeandika "Lawino anawakilisha mila" ameshakosa kicheko hicho, na akikosa kicheko amekosa kitabu.

Kuna upungufu mmoja wa kweli katika kazi hii, na si wa Lawino bali wa Okot. Amempa mwanamke maneno yote matamu na kumwachia Ocol makelele. Hata alipompa Ocol kitabu chake mwenyewe, mwaka 1970, mizani haikukaa sawa. Okot aliyesoma Bristol, Aberystwyth na Oxford alikuwa na Ocol mwingi ndani yake, na ingekuwa faida kubwa kwetu kama angemruhusu aseme kwa akili. Lakini hilo ni deni la mshairi. Deni letu ni kuwafundisha wanafunzi waone kwamba pambano la Lawino na Ocol ni la watu wawili waliokwisha kuguswa na mambo yale yale, kila mmoja kwa namna yake.

Kayoya na kumbukumbu ya Berlin

Kayoya ana sauti tofauti. Hacheki sana. Anatembea nyuma ya baba yake, mtu wa mlimani, na katika nyayo zile anatafuta maadili ambayo kijana wa Burundi huru angeweza kuyasimamia bila kuiga ubepari wala ukomunisti. Kitovu cha kitabu ni rugo, yaani makazi ya baba, pamoja na ng'ombe, neno lenye uzito na adabu ya mtu mzima.

Sehemu inayosomwa zaidi ni ile anapokumbuka Mkutano wa Berlin wa 1885, ambapo wakubwa wa Ulaya waliligawa bara letu bila kumwuliza mtu yeyote. Wanafunzi hunukuu sehemu hiyo kuonyesha "hasira dhidi ya ukoloni". Sawa. Lakini angalia hasira yenyewe imeelekezwa wapi. Jambo lililomkera Kayoya zaidi ni kwamba alifundishwa mkutano huo darasani. Alilazimika kukariri tarehe na majina ya wajumbe, akasimuliwa sifa zao za kidiplomasia, na yeye akiwa ameketi kimya. Ni hasira ya mwanafunzi dhidi ya somo. Na sisi tumefanya nini? Tumemgeuza Kayoya mwenyewe kuwa tarehe ya kukariri. Mtoto anaandika "1968" na "1972" kwa usahihi, halafu anaendelea na aya ya tatu kuhusu suruali.

Mahali pasipo mila

Sasa tuvifunge vitabu kwa muda tutoke nje. Nyakabiga iko ubavuni mwa Bwiza, si mbali na kampasi ya Mutanga, na wengi wa wanafunzi wetu wamepanga vyumba huko. Asubuhi utasikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, mara nyingi kutoka kwa mtu mmoja. Je, mtu huyu yuko wapi katika insha ya mgongano? Si baba wa Kayoya, kwa maana hana mlima. Si Lawino wala Ocol. Insha ikimtaja humweka aya ya tatu, kati ya walioharibika.

Wazo hilo si letu. Tumelirithi. Serikali ya Kibelgiji, iliyochukua nchi hii kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, ilikuwa na jina la kisheria kwa mitaa ya Waafrika wa Usumbura: centre extra-coutumier, kwa maneno mengine mahali palipo nje ya mila. Mlimani kulikuwa na machifu na mila. Mjini kulikuwa na watu waliohesabiwa kuwa hawana. Waswahili waliokuwa wakiishi karibu na ziwa tangu enzi za Wajerumani, wengi wao wakiwa na asili ya Umanyema, Ujiji na pwani, walipangiwa Buyenzi yenye mitaa ya namba. Wajerumani walikuwa wamekitumia Kiswahili katika utawala. Wabelgiji na wamisionari wakakitilia shaka kama lugha ya Uislamu na ya watu wasiotulia, wakaweka mbele Kirundi na Kifaransa. Mwanahistoria Geert Castryck ameandika tasnifu nzima kuhusu Waislamu wa Usumbura kati ya 1897 na 1962, na yeyote anayefundisha historia ya Kiswahili hapa angefaa kuifahamu.

Matokeo yake yamo bado katika midomo yetu. Katika Kirundi cha kila siku, kumwita mtu umuswahili ni kumwambia kwamba ni mjanja na mwongo. Kiswahili kinafundishwa sasa katika shule za msingi, Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na bado tusi hilo halijaondoka. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha kwamba utamaduni wa kweli uko mlimani tu analipa tusi hilo nguvu bila kujua. Hapo ndipo penye hatari, kwa maoni yangu, kwa sababu wapo darasani watoto ambao mababu zao ni hao waliowekwa "nje ya mila".

Siku za juma na sahani ya maharage

Insha ya aya tatu haiwezi kusimama mbele ya ushahidi wa lugha. Tuchukue siku za juma, jambo linalowasumbua walimu wote wa mwaka wa kwanza. Mrundi anahesabu kuanzia baada ya Jumapili: kuwa mbere, kuwa kabiri, kuwa gatatu. Mswahili anahesabu kuanzia baada ya Ijumaa: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Kwa hiyo mwanafunzi anayefikiri kwa Kirundi huandika "Jumatatu" akimaanisha Jumatano, kwani kuwa gatatu ni Jumatano. Tunamkata alama na kuendelea. Lakini kosa lake lina historia ndefu kuliko somo letu: juma la kanisa na la kazi limekutana na juma la msikiti katika kichwa cha mtoto mmoja. Tena Kiswahili chenyewe kina mishono yake, maana baada ya Jumatano, "ya tano", inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Na Jumapili kwa Kirundi huitwa kuw'Imana, lakini wengi husema kuwa Mungu. Siku ya kanisa, ambalo viongozi wake walikitilia shaka Kiswahili, inatajwa kwa jina la Kiswahili la Mwenyezi.

Saa ni vivyo hivyo. Mama akisema saa moja na Mrundi akisema isaha imwe, wote wanamaanisha jua limechomoza. Mwalimu wa Kifaransa anasema ni saa saba. Lawino angecheka, lakini mtoto wa Nyakabiga hana shida: anabeba saa mbili kichwani na hachelewi shule.

Twende jikoni. Mchele kwa Kirundi ni umuceri, maharage ni ibiharage, sahani ni isahani, sufuria ni isafuriya. Nje ya jiko kuna igitabo, ikaramu, isabuni, umusigiti. Maneno haya hayakuingia kwa amri ya gavana. Yalipita Ujiji na Rumonge pamoja na vitu vyenyewe, mengine kabla ya bendera ya kwanza ya Ulaya kupandishwa Usumbura. Mwanafunzi anaposema kwamba maharage na mihogo ni "chakula cha asili cha Warundi", ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa Warundi wamevila kwa vizazi. Lakini mmea wa maharage, kama mahindi, mihogo na viazi vitamu, ulitoka Marekani ya Kati na ya Kusini, ukavuka bahari baada ya safari za Columbus. Na mihogo ilienea milimani kwa kiasi kikubwa kwa sababu Wabelgiji waliwalazimisha watu kuilima kama kinga dhidi ya njaa. Kitu cha kulazimishwa kimekuwa kitu cha nyumbani. Isombe ya Jumapili haikumbuki fimbo ya msimamizi.

Hili si jambo la Burundi peke yake. Wafilipino walitawaliwa na Wahispania kwa zaidi ya miaka 300, kisha na Wamarekani hadi mwaka 1946. Jeshi la Marekani lilipoacha magari yake ya jeep baada ya vita, mafundi wa Manila waliyarefusha, wakayapaka rangi na kuyapamba kwa watakatifu, yakawa jeepney, daladala ya nchi nzima. Hakuna Mfilipino anayeambiwa kwamba jeepney si utamaduni wake kwa sababu injini ilitoka ng'ambo.

Nani anaamua mila ni ipi?

Swali ambalo insha zetu haziulizi kamwe ni hili. Umuganuro, sherehe kuu ya mtama ambayo mwami aliiongoza, ilikoma chini ya Wabelgiji, huku kanisa likiipinga. Ibada ya Kiranga ilipigwa vita. Hapo mkosaji anajulikana na wanafunzi huandika vizuri. Ila tusiishie 1962. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2017 ikatoka amri kwamba ngoma hiyo ni ya wanaume tu, nao wanawake waliokuwa wameanza kuipiga wakaachiwa dansi za kike. Mwaka huo huo watu walioishi pamoja bila ndoa rasmi waliagizwa wahalalishe ndoa zao kabla ya Desemba kwisha, na agizo likaelezwa kama urejeshaji wa maadili. Ngoma kweli ilikuwa ya wanaume wa koo fulani. Hapo wenye amri walikuwa na hoja ya kihistoria. Lakini cheti cha ndoa cha serikali na ndoa ya kanisani ni mambo yaliyokuja na ukoloni. Mila ya mlimani ilitambua ndoa kwa inkwano, kwa pombe na kwa maneno ya wazee. Yaani sheria ya mkoloni imezeeka mpaka ikaitwa mila ya babu, na mila ya babu ikaitwa uasherati. Lawino angepata beti nyingi hapo.

Ukitaka kuona jinsi watu wenyewe wanavyolitatua suala hili, nenda kwenye gukwa yoyote Nyakabiga siku ya Jumamosi. Msemaji wa upande wa kijana anasimama na kuzungumzia ng'ombe. Anawasifu, anawaeleza pembe na maziwa yao, anasema wamefika wamechoka kwa safari. Hakuna ng'ombe. Kuna bahasha, na kila mtu ukumbini anajua. Pembeni kuna kreti za Primus, bia ya kampuni ya Brarudi iliyoanzishwa mwaka 1955, na kreti za Fanta kwa Waislamu na Waprotestanti, mahali ambapo zamani pangekaa mtungi wa impeke. Kadi ya mwaliko iko kwa Kifaransa. Hotuba iko kwa Kirundi cha hali ya juu ambacho vijana wengi hawakifuati vizuri. Mashangazi wanaopakua chakula nyuma wanaagizana kwa Kiswahili. Je, huu ni utamaduni uliokufa au ulio hai? Mtaalamu wa fasihi simulizi anayekwenda mlimani kwa kinasa sauti, akaruka ukumbi huu kwa sababu "umechanganyika", anakosa sanaa ya maneno iliyo mbele ya nyumba yake.

Lazima tuseme pia upande wa pili, tusije tukajenga paradiso mpya mjini baada ya kuibomoa ya mlimani. Kuchanganyika kwa lugha hakukuwalinda watu. Mwaka 1995 Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyosifika kwa mchanganyiko, ilishuhudia majirani wakifukuzwa na kuuawa kwa kabila lao. Mwaka 2015 Nyakabiga yenyewe ilikuwa katikati ya maandamano, na Desemba ya mwaka huo ilizika vijana wake. Watu waliokuwa wakila mishikaki kwenye meza moja na kutaniana kwa lugha tatu hawakuokolewa na utani huo. Kwa hiyo simwombi mwanafunzi ausifu mji. Namwomba auone, ukiwa na sherehe zake na makaburi yake, kama sehemu ya historia ya utamaduni wa nchi hii.

Tafsiri inayosubiri

Kuna kazi moja ambayo idara kama yetu inaweza kuifanya na ambayo ingebadilisha mjadala huu kuliko makala kumi: kumfasiri Kayoya kwa Kiswahili, kama Sozigwa alivyomfasiri Okot. Nimewapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kurasa chache wajaribu, na ugumu ulijitokeza kwenye neno la kwanza kabisa lenye maana, rugo. Mmoja aliandika boma. Mwingine akakataa, akisema boma kwa Kiswahili cha Tanzania lina harufu ya ofisi ya Mjerumani na ya mifugo ya Wamasai. Mwingine akapendekeza kaya, neno ambalo kwa Wamijikenda ni msitu mtakatifu na kwa wahesabu watu ni idadi ya wanaokula chungu kimoja. Mtoto wa Nyakabiga akasema kwao eneo lenye uzio huitwa parseli, kutoka Kifaransa parcelle: nyumba tatu au nne, familia tofauti, bomba moja la maji, na mlango wa bati unaofungwa usiku. Darasa lilicheka. Halafu likaanza kubishana kwa dhati, kwa sababu ilionekana kwamba yeye peke yake ndiye aliyetaja mahali anapolala, na kwamba baba wa Kayoya akiingizwa ndani ya parseli kitabu kizima kinabadilika maana. Mpaka kengele ilipolia walikuwa wamebaki na chaguo mbili: kuliacha rugo kama lilivyo na kulieleza kwa tanbihi, au kuandika ua na kukubali hasara. Rasimu iko kwenye kabati la idara, na nafasi ya neno hilo bado iko wazi.